Je, wajua kwa nini kifurushi cha kilo mbili hulipiwa kilo nane na nusu?

Wachongaji wa Mtwara wanaouzia wateja wa ng'ambo kwa simu wanakutana na jambo linalowachanganya. Sanamu ya mpingo, mti mzito hadi unazama majini, yaweza kusafirishwa kwa nauli ileile waliyoambiwa mwanzo. Lakini lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde kinachochongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kukivaa kichwani, hicho ndicho kinachozaa bili ya pili. Mteja kashalipa, mzigo kashaupokea, faida nayo ishaingia kwenye ada za shule. Ndipo ujumbe unaingia: unadaiwa tofauti.

Tofauti ya nini? Ya nafasi. Tumbo la ndege laweza kujaa maboksi mepesi kabla uzito unaoruhusiwa haujafika hata nusu, na mwenye ndege hataki kusafirisha hewa bure. Kwa hiyo kifurushi kina kilo za aina mbili: za mizani na za ujazo. Za ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000, kigawanyo ambacho kampuni kubwa kama DHL na FedEx hutumia kwa vifurushi vya kimataifa. Kilo zilizo nyingi zaidi ndizo zinazolipiwa.

Tuseme lipiko lina kilo mbili na limefungwa kwenye boksi la sentimita 40 kwa 35 kwa 30. Zidisha, unapata 42,000. Gawa kwa 5,000, unapata kilo 8.4, na kwa kuwa hesabu hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata, utalipia 8.5. Punguza sentimita tano kwenye urefu, tano kwenye upana na tano kwenye kimo, hilohilo lipiko linalipiwa kilo 5.5. Kilo tatu zimeondoka na kinyago hakijaguswa. Muuzaji wa korosho hajui adha hii: kilo kumi za korosho zilizobanguliwa huenea kwenye boksi la 30 kwa 30 kwa 25, ambalo kwa ujazo ni kilo 4.5 tu, basi yeye mizani ndiyo inayomhukumu.

Hapo kuna mtego ambao wengi hawauoni. Huku kwetu boksi la kufungia ni lile lililoombwa dukani, lilikokuwa limebeba sabuni au biskuti. Limeshalegea. Ukilishindilia magazeti na sponji ili pembe za kinyago zisivunjike, ubavu unavimba. Wewe umepima kwa futikamba ya fundi cherehani, ukafuata mstari wa boksi. Kule kwenye kituo kikubwa cha kupangia mizigo kuna mashine inayopima kwa mwanga, nayo hupima pale palipovimba. Nauli uliyoambiwa mwanzo ilikuwa makadirio yaliyotokana na vipimo ulivyotaja wewe. Bei yenyewe hutengenezwa baadaye, mbele ya mashine, wewe ukiwa umeshamtajia mteja jumla na umeshapokea hela. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha malalamiko yote: tozo nyingi zimeandikwa kwenye masharti, ila huhesabiwa wakati ambao muuzaji hawezi tena kumrudia mnunuzi.

Juu ya hapo hupandishwa tozo ya mafuta, ambayo ni asilimia ya nauli na hubadilika mara kwa mara kufuata soko. Kwa kuwa ni asilimia, kilo zikiongezeka nayo inaongezeka, kwa hiyo ubavu uliovimba unaulipia mara mbili. Kuna tozo ya eneo la mbali ikiwa mteja anakaa kijijini huko kwao, tozo ya kurekebisha anwani iliyokosewa, na kwa Marekani ipo hata ya kupeleka mzigo nyumbani kwa mtu badala ya ofisini. Kuelekea Krismasi, vinyago vinapotakiwa zaidi, huja ya msimu.

Ushuru nao umebadilika. Zamani mteja wa Marekani alipokea bidhaa ya chini ya dola 800 bila kulipa chochote forodhani. Msamaha huo ulifutwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Umoja wa Ulaya ulishaondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo tangu Julai 2021. Mara nyingi kampuni humlipia mteja forodhani kwanza, kisha humdai pamoja na ada yake ya kumlipia. Mteja akikasirika na kuukataa mzigo, masharti ya kampuni nyingi humrudia aliyetuma, yaani wewe wa Ligula au Newala huku Mtwara, ulipie madai hayo na nauli ya kurudi kama unakitaka kinyago chako.

Na kabla ya ndege kuna basi. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mizigo mingi hushukia Mbagala, ambako bodaboda hutaja bei yake na asiyekuwa na haraka hudaiwa pungufu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa, hata anayejua kupiga hesabu za ujazo alikwama.

Wauzaji wazoefu hawataji nauli mpaka kitu kiwe kimeshafungwa. Wanafunga, wanapima penye uvimbe, wanapiga picha futikamba ikiwa juu ya boksi, kisha ndipo wanamwandikia mteja: "Bei ya kinyago ni hii, nauli ni hii, ushuru wa kwenu utalipa mwenyewe." Picha hiyo ina kazi. Bili ya pili ikija na vipimo vya ajabu, unaituma kitengo cha malipo mapema, kwa sababu muda wa kupinga una mwisho, na mwisho huo umeandikwa kwenye masharti yaleyale.