Distributa ya Lucas kwenye injini ya Model A: soma namba kabla hujatoa hela

Juzi jamaa mmoja kaniletea distributa tatu za kampuni ya Lucas kwenye ndoo (distributa ndo kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi), zote za aina ya 25D4, zote zimetolewa kwenye magari ya Kiingereza ya miaka ya sitini, anataka kujua ipi afunge kwenye hoti rodi yake. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Nikamwambia tuzifungue kwanza ndo tuongee, maana jibu limegongwa ndani kwenye chuma na watu wengi wananunua bila kulisoma.

Mimi kazi hii nimeanzia Tanga, gereji ya mjomba, Land Rover za Series zinaingia asubuhi hazina moto na jioni zinatakiwa ziondoke. Sasa hivi niko Birmingham, mji uleule ambao Lucas walikuwa na kiwanda chao pale Great King Street, na kazi nyingi zinazofika mezani kwangu siku hizi ni za watu wa hoti rodi. Kwa asiyejua, hoti rodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford ya Kimarekani, limevuliwa mabati yasiyo na kazi, limeshushwa chini, injini imeongezwa nguvu. Vijana wa California walikuwa wanakimbizana nayo kwenye maziwa makavu kama Muroc kabla ya Vita ya Pili, chama chao cha SCTA kikaanza 1937. Huku Uingereza wapo wanaopeleka za kwao kwenye mchanga wa Pendine kule Wales, ufukwe ambao Malcolm Campbell alipiga kilomita 235 kwa saa mwaka 1924.

Gari la huyu jamaa ni Ford Model A ya 1930. Injini yake naipenda sana, silinda nne, lita 3.3, ikitoka kiwandani ilikuwa na nguvu farasi 40 kwenye mizunguko 2200, na imevumilia karibu miaka mia moja. Ila distributa yake ya asili haiwezi kuwahisha cheche yenyewe. Kazi hiyo anafanya dereva, kuna kijiti upande wa kushoto wa usukani, wakati wa kuwasha unakipandisha juu ili cheche ichelewe, gari likishika mwendo unakishusha taratibu. Ukisahau ukapiga hendeli wakati cheche imewahi, injini inarudi nyuma na hendeli inaweza kukuvunja mkono.

Kwa nini cheche iwahi? Mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui wote papo hapo, unataka muda wake, na pistoni haisubiri. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa, kwenye mizunguko 600 kwa dakika krankshafti inazunguka digrii 3.6 ndani ya milisekunde moja, ukikanyaga mpaka 3000 inazunguka digrii 18 ndani ya muda huohuo. Kwa hiyo jinsi unavyokimbia ndivyo unavyotakiwa kuchoma mapema zaidi kabla pistoni haijafika juu, la sivyo nguvu inaishia kwenye egzosi na injini inachemka. Dereva wa 1930 anayekwenda pole sokoni kijiti kilimtosha, ila mtu amefunga kabureta mbili na silinda hedi ya kubana zaidi, anabadilisha gia kila saa, hawezi kuwa na mkono mmoja kwenye kijiti muda wote.

Hapo ndipo Lucas inapoingia. Toa kofia, toa rota, toa sahani inayobeba platini, yaani vile vidoti vya mguso ambavyo vikifunguka cheche inaruka. Chini yake utakuta vyuma viwili vya uzito vimeshikwa na springi mbili, shafti ikizunguka kasi vinatanuka kwenda nje na vinasukuma mbele kemu, kile chuma chenye kona kinachofungua platini, na platini inafunguka mapema. Zitazame zile springi vizuri, hazilingani. Moja nyembamba, inaanza kazi mapema, nyingine nene na kitanzi chake kirefu kinaning'inia bila kukaza mpaka mizunguko ipande, ndo maana advansi, yaani kule kuwahi kwa cheche, inakwenda haraka mwanzoni halafu inapunguza kasi. Kuna watu wanaivuta ile nene kwa koleo wakidhani imelegea. Usifanye hivyo, ukishaivuta umeiua na ya kufanana nayo utaitafuta sana.

Sasa namba yenyewe. Kwenye kile chuma cha kemu, pale vyuma vya uzito vinapogotea, pamegongwa namba ndogo, futa grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa utaiona. Hizo ni digrii za mwisho ambazo distributa inaweza kuwahisha, LAKINI ni digrii za distributa na sio za krankshafti. Distributa inazunguka nusu ya krankshafti kwa hiyo unazidisha mara mbili: 10 ni digrii 20 za krankshafti, 18 ni 36. Ongeza na zile ulizoseti injini ikiwa imesimama ndo unapata jumla.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kukosea. Distributa ya kwanza kabisa niliyofunga kwenye Model A ya mteja ilikuwa na 18 na sikuangalia, nikaseti 6, gari likawaka vizuri, sailensi nzuri, nikamkabidhi. 36 na 6 ni 42, kwa injini ile ni nyingi mno, akipanda mlima inagonga kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Na Model A haina beringi za vipande za kununua dukani ukabadilisha, beringi zake ni babiti, chuma laini kinachoyeyushwa na kumiminwa humohumo kwenye bloku na kwenye koni rodi. Kugonga kunaipasua babiti. Nilipomfungulia ya silinda ya tatu ilikuwa imeanza ufa, nikamimina upya kwa gharama yangu na mpaka leo nikishika 25D4 kitu cha kwanza natafuta ile namba. Kwa injini ninazofunga mimi zenye hedi ya kubana mchanganyiko 6 kwa 1 sipitishi jumla ya 28.

Kitu kingine ni upande wa kuzunguka. Ukitazama kutoka juu, rota ya Model A inazunguka kinyume cha saa, na ya MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, pia inazunguka hivyohivyo ndo maana zile za MGB zinafaa. Distributa iliyotengenezwa kwa injini ya upande mwingine ukiilazimisha, vyuma vya uzito vitachelewesha cheche badala ya kuiwahisha, yaani unakanyaga gari linazidi kulala. Kupima ni rahisi, shika shafti chini isitembee, zungusha rota kwa vidole kuelekea upande ambao injini itaizungusha, inatakiwa isogee kidogo halafu springi ziirudishe.

Kuifunga kwenyewe kunataka adapta ya kukereza, kwa chini ishike kwenye hedi na kumeza shafti ya Ford, kwa juu ipokee shingo ya Lucas, na iwe katikati kabisa maana ikikaa upande itakula bushi ndani ya miezi michache. Vile vibapa vya shaba vya Ford vinavyopeleka moto kwenye plagi unavitoa, unaweka waya, na hapa wazoefu wa MGB wanajichanganya: moto wa MGB unakwenda 1-3-4-2, wa Model A ni 1-2-4-3. Puli haina alama ya taa ya taimingi, utaichora mwenyewe kwa kutumia ile pini ya kwenye kava la mbele.

Platini weka milimita 0.35 mpaka 0.40. Vakyumu, ile njia ya kuwahisha cheche kwa mvuto wa hewa wa injini, kwenye kabureta mbili za kimashindano sihangaiki nayo, ila usikitoe kile kikopo chake, kiache bila mpira, maana ndicho kinachoishika sahani isichezecheze. Rota nunua ile isiyo na riveti, hizi mpya za bei rahisi moto unapita kwenye riveti kwenda kwenye shafti na gari linazima ghafla likipata joto. Volti 6 au 12, asi (upande wa betri unaofungwa kwenye bodi) chanya au hasi, platini hazijali, koili ndo inajali. Na wenye V8 ya Ford ya flathedi (valvu zake ziko kwenye bloku) ya kabla ya 1949 samahanini, ile distributa inakaa mbele ya injini moja kwa moja kwenye kemshafti, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tukirudi kwenye ndoo. Ya kwanza ilikuwa 18, nikaiweka pembeni. Ya pili 13, inazaa 26, na 6 inakuwa 32, bado nyingi. Ya tatu 10, inazaa 20, jumla 26, hiyohiyo. Ila nilipoishika shafti nikaitikisa inacheza, na ikicheza nafasi ya platini inabadilika kila kona ya kemu, kwa hiyo silinda moja inawahi nyingine inachelewa. Bushi mpya ya shaba haipigwi kavu, inalowekwa kwenye oili ya injini saa 24 kwanza ili inywe. Nimeizamisha jana saa tisa mchana, jamaa kanipigia mara mbili leo kuuliza imefikia wapi, nimemwambia aje jioni na ile hedi tuijaribishie pamoja.