Dona haitakuponya PCOS, na sembe haikukuletea

Wiki iliyopita nimeletewa ile karatasi kwa mara ya nne tangu mwaka uanze. Karatasi ni jina tu, ni picha ya WhatsApp iliyosambazwa mpaka herufi zimefifia. Kushoto alama nyekundu: sembe, wali, mkate mweupe, viazi, ndizi mbivu. Kulia alama ya kijani: dona, asali, parachichi, korosho, karanga. Juu imeandikwa "Dayati ya PCOS", ule mvurugiko wa homoni kwa wanawake unaoharibu mpangilio wa hedhi. Mwenye simu ni dada wa miaka 29, ameifuata wiki sita bila kukosea hata siku moja, na ameongezeka kilo mbili na nusu.

"Dokta, mimi sembe nimeiacha kabisa," akaniambia, kama mtu aliyedhulumiwa.

Mimi si dokta, ni mtu wa lishe, ila hilo nilishachoka kulisahihisha. La dona sijachoka, kwa hiyo nalimaliza hapa ili siku nyingine niwe natuma linki.

Kwenye kabati langu nina mzani wa jikoni na pakiti ya unga. Nilimwomba amimine kwenye bakuli unga unaotosha ugali anaokula yeye peke yake jioni. Kwanza wa enzi za sembe: gramu 120. Halafu wa sasa. Akamimina, akasita, akaongeza kidogo. Gramu 210. Akanitazama. "Lakini si ni dona?"

Unga wa mahindi, ukobolewe usikobolewe, una kalori kama 360 kwa gramu 100. Kwa hiyo ametoka kwenye kalori 430 akaenda 750, kabla sijauliza mboga. Nikauliza mboga. Mchicha, maharage, vimekaangwa "kwa mafuta mazuri", ya alizeti. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, mazuri au mabaya, ni kalori 120, na pale nyumbani hakuna anayepima kwa kijiko, kidumu kinainamishwa tu. Korosho za kijani: kiganja kimoja ni kama 170, na nani amewahi kula kiganja kimoja? Asali nayo ni sukari iliyopitia kwa nyuki.

Sasa wapenzi wa dona msinirukie. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vimeondoka, na nyuzinyuzi, mafuta kiasi, vitamini B na madini yakaondoka navyo. Dona imebaki navyo. Inashibisha zaidi, choo kinakuwa chepesi, na kwa mtu ambaye mwili wake hauisikilizi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, nyuzinyuzi ni jambo jema. Nyumbani kwangu tunakula dona. Lakini ni mahindi yaleyale, yamesagwa laini na mashine ileile, na wanga wake ukishakuwa ugali wa moto unaingia kwenye damu haraka kuliko watu wanavyotaka kuamini. Maharage, kunde na choroko vinakwenda taratibu kweli. Dona ni sembe yenye tabia nzuri, basi. Na kwa kuwa pumba na kiini ndivyo hubeba sehemu kubwa ya sumukuvu kama mahindi yalihifadhiwa vibaya, dona ya mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kuliko sembe yake. Waliokuwa Dodoma na Manyara mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu, hawahitaji kuelezwa. Hilo kwenye picha ya WhatsApp sijaliona.

Nirudi kwenye PCOS. Zile "vivimbe kwenye ovari" za kwenye ultrasaundi si vivimbe, ni vijifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama, hakuna cha kuyeyusha kwa juisi. Insulini ikiwa juu, ovari zinasukumwa kutoa homoni za kiume zaidi, na ini linapunguza ile protini inayozishika zisizurure kwenye damu. Ndevu, chunusi, siku kupotea. Ndiyo maana chakula kinaingia kwenye mazungumzo. Si wote wenye PCOS ni wanene, na hao wembamba tafadhali msiwape dayati ya kupungua. Nimemwona mmoja.

Swali ninaloulizwa ni lilelile: basi dayati ipi? Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia, haukuchagua. Unasema hakuna mgawanyo wa wanga, protini na mafuta ulioonekana kuushinda mwingine. Watu hawapendi jibu hili, wanaona nimewaficha kitu. Wanataka keto, ile ya kukata wanga karibu wote na kula mafuta kwa wingi. Sawa, kuna majaribio ya keto kwa PCOS na uzito ulishuka, lakini ni madogo na ya muda mfupi. Zile kilo tatu za wiki ya kwanza nyingi ni maji, kwa sababu sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na maji yake, ikiisha yanatoka nayo. Ukila wali wa harusi Jumamosi yanarudi, unalia.

Lakini keto hainikeri kama sufuria mbili. Mwanamke anapika kwa watu saba: mume, watoto, mama mkwe, mdogo wake anayesoma chuo. Anasonga ugali wa watu sita, halafu pembeni anajipikia mayai na parachichi, anakula peke yake na mama mkwe akiuliza kulikoni. Wiki tatu anaweza. Mwezi wa pili parachichi limepanda bei, amechoka, anaonja onja ugali wa watoto akiwa amesimama jikoni, na hicho cha kusimama hakihesabiwi. Kisha anakuja kwangu kujiita mvivu. Mpango unaohitaji sufuria ya pili nauona umeshakufa, hata ungekuwa umeandikwa na profesa.

Kwa hiyo nauliza: jioni mnapika nini? Nabadilisha humo humo. Ugali unabaki, unapungua, unakuwa robo ya sahani. Maharage au dagaa wanaongezeka mpaka robo nyingine. Nusu ni matembele, bamia, kabichi, chochote cha kijani, na mafuta yanapimwa kwa kijiko kabla ya kuingia sufuriani, kwa familia nzima. Mama mkwe hatajua, na presha yake itashukuru. Chai sukari ishuke polepole. Soda na juisi ziondoke, hapo sibembelezi.

Kufunga saa 16? Kama hutafuturu kwa kaimati na tambi, jaribu. Wengi wangu wanafidia usiku.

Yapo yanayonisumbua. Mwaka 2010 lilitoka jaribio la Sydney: wanawake waliokula vyakula visivyopandisha sukari haraka, hedhi zao zilitengemaa zaidi kuliko wenzao wa mlo wa kawaida wa afya, ingawa pande zote zilipungua karibu sawa. Kwa hiyo aina ya wanga huenda ina lake, na ninapoicheka karatasi ya kijani inabidi nikumbuke hilo. Ila wengi waliacha njiani, na ugali haukuwepo kwenye menyu. Tena nawaambia wote kwamba kupunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito kunaweza kurudisha siku. Ni kweli kwa wengi. Kwa nani hasa, siwezi kumwonyesha mtu kidole akiwa mbele yangu. Na siku zikirudi mayai yamerudi, kwa hiyo kama hutaki mtoto sasa hivi ongea na nesi wa uzazi wa mpango mapema, kabla hujasherehekea.

Kuna dada mwingine, yeye nilianza naye mwaka jana kwa mpango huohuo wa sufuria moja. Alikuwa na kilo 84, mwezi wa tano akawa 79. Mwezi wa nne aliona siku zake, akanipigia saa mbili usiku kunieleza rangi yake. Akaziona mara tatu mfululizo. Sasa zimepotea tena, uzito uko palepale 79, kipimo cha mimba hasi, ugali robo ya sahani kama tulivyokubaliana. Nimemrudisha kwa daktari apime tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa. Majibu ni Alhamisi.