Bata, Bunduki na Maji: Tunayoyasema Nairobi Kuhusu Uwindaji wa Ndege, na Yalivyo

Septemba ikielekea ukingoni, simu yangu huanza kujaa picha kutoka Minnesota. Binamu yangu, mwana wa shangazi, amekaa huko miaka mingi, na wikendi zake za majira ya majani kupukutika huzimalizia kwenye vinamasi akiwinda bata. Theluji ikianguka hufuata sungura. Picha hizo hufika pia kwenye kundi la WhatsApp la familia, na hapo ndipo ubishi huanza. Mimi siwindi. Januari zangu huenda Ruai, kwenye mabwawa ya majitaka ya jiji, pamoja na watu wanaohesabu ndege wa majini. Nawapenda ndege hawa, na huniuma tunapogombana juu yao kwa habari zisizo za kweli. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Ukiwa na leseni ya bunduki, bata ni wako."

Leseni ya bunduki ni ya bunduki. Haikupi ndege yeyote. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani Mei 1977. Wazee wanaosimulia kwamba walipiga ndege hata baada ya hapo hawadanganyi, kwani kwa miaka kadhaa ndege fulani waliendelea kuwindwa kwa kibali. Mlango huo umefungwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inakataza kuwinda kwa starehe, kuwinda kwa kitoweo, na kuuza nyamapori. Mtego wa kamba na feya tulizochonga utotoni haziponi: sheria haiangalii umetumia nini.

Kanga, kwale, digidigi na sungura wa porini wamo humo humo. Watu huwaona ni wadogo mno kuwa "wanyamapori", kana kwamba sheria iliandikwa kwa ajili ya ndovu na simba peke yao. Anayetamani kanga mezani anaweza kumfuga kwa kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na sungura wa kufugwa wanaouzwa sokoni hawana tatizo lolote.

"Kule majuu kila mtu hupiga anachotaka."

Hili ndilo lililonifanya nikae na binamu kwenye simu jioni nzima nikimuuliza hatua kwa hatua.

Kabla ya kuingia majini lazima awe na leseni ya jimbo, na juu yake stempu ya bata ya serikali ya shirikisho, ambayo kila mwindaji wa bata mwenye miaka 16 au zaidi huinunua kwa dola 25 kila mwaka. Bunduki yake ya marisau, yaani chembe ndogo nyingi zinazofyatuliwa kwa pamoja, huwekwa kizibo ndani ili isibebe zaidi ya risasi 3. Haruhusiwi kufyatua kabla ya nusu saa kuelekea macheo, wala baada ya jua kutua. Msimu katika ukanda wao ni siku 60, na kwa siku moja mwisho wake ni bata 6. Kati ya hao 6, wale wa jamii ya kichwa cha kijani wasizidi 4, na kati ya hao 4 majike wasizidi 2.

Sentensi hiyo ya mwisho ni nyepesi kusoma na ngumu kutimiza. Jike ni wa kahawia, na alfajiri bado giza kila bata ni mweusi. Binamu aliniambia kuhusu asubuhi moja, yuko ndani ya matete, maji kiunoni, bata wa bandia wanaelea mbele yake kuwavutia wenzao. Kundi likateremka, mabawa yamekunjwa kwa kutua, akainua bunduki. Tayari alikuwa na majike 2. Hakuweza kuapa kwamba wale wa mbele walikuwa madume, akaishusha. Alirudi nyumbani na wale wawili, baada ya saa 5 za baridi.

Picha ya siku hiyo iliwashangaza kina shangazi. Bata wamenyonyolewa vizuri kabisa, ila kila mmoja amebakiwa na bawa moja lenye manyoya yake yote. "Mbona hukumaliza?" Alimaliza. Sheria inataka bawa moja au kichwa kibaki na manyoya hadi bata afike nyumbani, ili askari wa wanyamapori akimsimamisha njiani aweze kusoma aina ya ndege kwenye rangi za bawa. Tangu nijue hilo, kila picha yake naiangalia bawa kwanza.

Kuhusu sungura hana mengi: fulana ya rangi ya chungwa kali ili wawindaji wengine wamwone, na glavu wakati wa kuchuna, kwa sababu sungura wa porini huweza kubeba ugonjwa wa tularemia unaompata binadamu.

"Risasi ni risasi."

Hapa lugha yetu yenyewe inatupoteza. Kiswahili kimetumia neno moja kwa ile metali nzito na laini, na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu. Kwa hiyo mtu akisikia "risasi isiyo ya risasi" anadhani unamchezea.

Lakini ndivyo ilivyo. Marekani ilikataza marisau ya metali ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Umoja wa Ulaya ulifuata Februari 2023, kwa maeneo yote ya ardhioevu. Binamu hutumia marisau ya chuma, ambayo ni mepesi na hupoteza nguvu haraka, kwa hiyo humlazimu kungoja ndege awe karibu.

Sababu utaielewa kama umewahi kuandaa firigisi ya kuku wa kienyeji. Unaipasua, unabandua ile ngozi ya manjano, na ndani unakuta mchanga na vijiwe. Bata naye hana meno. Humeza changarawe ili zimsagie chakula. Fyatuo moja hutawanya chembe mia na zaidi, na nyingi humkosa ndege zikazama kwenye tope. Miezi baadaye bata anayetafuta changarawe anaokota chembe hizo. Firigisi inazisaga, asidi ya tumbo inaziyeyusha, sumu inaingia kwenye damu. Hukonda, hushindwa kuruka, na chembe moja au mbili zaweza kutosha kumuua. Tai akimla, naye anasumika. Bata huyo hakuwahi kulengwa na mtu yeyote.

"Wawindaji ndio wanaomaliza bata."

Kuna wakati ilikuwa hivyo. Karne ya 19 huko Marekani ndege wa porini waliuawa kwa ajili ya soko, na njiwa wa kuhama waliokuwa wakifunika anga walitoweka kabisa. Wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Sheria ya ndege wahamao ikaja 1918, na hadi leo kumuuza bata wa porini aliyepigwa huko ni kosa. Mwaka 1934 ikaja stempu ya bata, wakati ukame umekausha vinamasi. Senti 98 za kila dola ya stempu huenda kununua na kulinda ardhioevu. Tangu 1970 Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 3, lakini bata wameongezeka.

Rafiki zangu wengine husoma takwimu hizo na kusema turudishe bunduki Kenya. Sikubaliani nao. Kilichowaongeza bata kule ni maji yaliyobaki kuwa maji. Sisi tunaweza kuyalinda bila kumfyatulia ndege hata mmoja.

"Nyama ya porini haina dawa."

Huko Bunyala, Busia, kwenye mashamba ya mpunga, imethibitika kwamba ndege hutegwa kwa Furadan, dawa ya kuua wadudu. Huchanganywa na chambo, ndege hula, huanguka, na nyama huuzwa. Bata ni miongoni mwao. Mtu akikuletea fungu la ndege wasio na jeraha wala alama ya kamba shingoni, huenda waliuawa kwa sumu; usinunue.

"Wale wa Ruai ni bata wa hapa tu, tena wa maji machafu."

Asubuhi ya Januari harufu hukupokea langoni, na baada ya nusu saa pua imezoea. Maji ni ya kijani kibichi. Ndani yake kuna viumbe wadogo wasiohesabika, na hiyo ndiyo karamu. Kuna bata wa aina moja mwenye mdomo mpana kama upawa. Pembeni mwa mdomo ana vichujio vyembamba kama meno ya kitana. Huogelea kwa duara wakifuatana, kila mmoja akichuja maji yaliyovurugwa na aliye mbele yake.

Hawa hawakuzaliwa hapa. Walitoka mayai Ulaya au Siberia, na Machi wataanza kurudi. Ndege huyohuyo akiwa Ufaransa anaruhusiwa kuwindwa katika msimu wake. Akifika Ruai ni kosa kumgusa. Kenya ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya na Asia, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995, kwa sababu hiyo hiyo: hakuna nchi inayoweza kumtunza peke yake.

Mara ya mwisho nilikuwa nimefika 340 kwenye bwawa moja, mwenzangu akiandika, mwewe akapita juu. Wote wakaruka kwa pamoja, mabega ya buluu hafifu yakamulika juani, wakazunguka mara mbili na kutua bwawa la pili wakichanganyika na wengine. Tulisogeza darubini, tukaanza upya kutoka moja.