Je, wajua? Seli ya kiinitete huongozwa pia na utando inaoushika

Seli zote za kiinitete cha mamalia zina jeni zilezile. Basi inakuwaje moja iishie kwenye moyo na nyingine kwenye kondo la nyuma? Tumezoea kulitafuta jibu ndani ya seli, lakini sehemu yake nzuri sana iko nje.

Tumtazame panya, maana ndiye aliyechunguzwa zaidi. Siku tatu na nusu baada ya mimba kutungwa, kiinitete chake ni kama mpira mdogo wenye uwazi ndani. Seli za nje zitashiriki kujenga kondo. Fungu dogo la ndani nalo hugawanyika: seli zenye protini ya NANOG zitaujenga mwili wa mtoto, na zenye GATA6 hujipanga ukingoni, zikiukabili uwazi. Hizi za ukingoni hutoa protini mbili, laminini na kolajeni ya aina ya 4, ambazo husukana zikawa utando mwembamba kati ya makundi hayo mawili.

Laminini ina umbo la msalaba na imeundwa kwa minyororo mitatu. Seli huishika kwa integrini, vipokezi vinavyopenya utando wa nje wa seli yenyewe: nje vimeshika laminini, ndani vimeungana na nyuzi za aktini, zinazoipa seli umbo. Kwa mshiko huo seli hupata mwelekeo, kitako kwenye utando na kichwa upande wa pili. Seli za NANOG zote zikielekeza vichwa katikati, uwazi mpya hufunguka pale, na mwili huanza kupata umbo. Nashangazwa kila mara na jambo hili: jirani anayetandika utando ndiye anayempa mwenzake mwelekeo.

Utando ukikosekana je? Mwaka 1999 watafiti walizima jeni ya mnyororo mmoja wa laminini, gama 1. Utando haukujengeka, na viinitete vya panya vikafa karibu siku ya tano na nusu. Fibronektini, protini nyingine ya nje ya seli ambayo jeni yake ilizimwa mwaka 1993, huhitajika baadaye kidogo: bila hiyo kiinitete hufika mbali zaidi, lakini tabaka la kati huharibika, na moyo na mishipa ya damu havijengeki sawasawa.

Ndiyo maana maabara nyingi zinazokuza seli shina za binadamu hupaka sahani zao kwanza laminini-521, aina mojawapo ya laminini, au vitronektini, protini nyingine ambayo seli huishika. Seli hizo zikikosa cha kushika, nyingi hufa.