Kabla Hujanunua Injekta za Hilux Yako

Kazi yangu ni pampu na nozeli za dizeli (nozeli ni ncha ya injekta, kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda), hapa Mbeya. Gari nyingi zinazoingia karakana ni pikapu, na nyingi kati yake ni Hilux. Mwenye gari akishuka huwa ameshatoa hukumu: "Fundi, nibadilishie injekta zote nne." Juzi kaka mmoja alikuja hivyo hivyo. Alikuwa amepandisha ndizi kutoka Tukuyu, gari ikamwaga moshi mweusi njia nzima, na fedha za injekta alikuwa nazo mfukoni. Nikamwambia, "Kaka, hizo pesa zirudishe kwanza, tupime." Filta ya hewa ilikuwa imeziba kwa vumbi la barabara ya shamba.

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini), kama 3L au 5L, ambayo ni majina ya injini na siyo lita, ikipewa dizeli ileile ya pwani inakosa hewa ya kuiunguza yote, na kinachobaki kinatoka moshi mweusi. Baadhi ya pampu zina kifaa cha kupunguza dizeli kadiri gari inavyopanda. Kikiganda, utaliona tatizo mlima wa Kawetere ukielekea Chunya, na injekta mpya hazitasaidia. Kwenye injini yenye turbo, kagua mipira ya kupitishia hewa kabla ya kitu kingine. Ikipasuka, gari inakosa nguvu na kufuka kama yenye injekta mbovu.

Moshi mweupe asubuhi ya Juni au Julai, hasa Njombe na Makete kwenye baridi kali, nao huwapeleka watu dukani mapema. Anza na hita plagi, zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha. Ikiwa moshi unakatika injini ikipata joto na gari haimisi (hairuki mapigo), injekta hazina kesi. Moshi ukiendelea na silinda moja inagonga, hapo nakubaliana na wewe, tuzifungue.

Injini za zamani, 2L, 3L na 5L, zina injekta za kimakanika: pampu inasukuma dizeli, springi inaachia, nozeli inapuliza. Hizi napima kwa mashine ya mkono. Naangalia inafungua kwa presha gani (kutegemea injini, ni kati ya baa 100 na 160 hivi; baa ni kipimo cha presha), inapuliza ukungu sawasawa au inakojoa mkondo, na nikishikilia presha chini kidogo ya ile ya kufungulia, ncha ibaki kavu. Ikidondosha matone, nozeli imekwisha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kununua nozeli peke yake na kubaki na mwili wa injekta, kisha presha ikarekebishwa kwa vishimu vya ndani, yaani vipande vyembamba vya chuma. Atakayekulazimisha kununua injekta nzima za 3L, muulize sababu.

Za komoni reli, ambako injekta zote zinachota dizeli kwenye bomba moja la presha kubwa (reli), ni habari nyingine. Injini za 1KD na 2KD za D-4D zinafanya kazi kwa presha inayozidi baa 1,300, na 1GD na 2GD zilizokuja mwaka 2015 zimepita hapo. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila injekta inapiga mara 1,000, bila kuhesabu yale matone madogo ya utangulizi yanayopunguza kugonga. Sindano ya ndani imeachiwa nafasi ya mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya mikroni. Ndiyo maana siamini injekta hizi kufunguliwa mezani chini ya mwembe, hata na fundi hodari kiasi gani. Zinahitaji benchi la kupimia na chumba kisafi.

Kuzipima zikiwa kwenye gari kunawezekana. Kompyuta ya gari inaonyesha kiasi inachoongeza au kupunguza kwa kila silinda ili injini itulie bila kukanyagwa mafuta. Namba zikiwa ndani ya 3 juu au chini, sina wasiwasi. Moja ikiruka mbali na wenzake, naitazama hiyo. Kisha napima marejeo: dizeli inayorudi kutoka kila injekta inakingwa kwenye chupa yake, na chupa inayojaa haraka kuliko nyingine inakuonyesha injekta inayovujisha ndani. Hii ndiyo inayofanya gari igome kuwaka ikiwa ya moto, kwa sababu reli haifikii presha. Na tafadhali sana, bomba la presha la komoni reli lisilegezwe injini ikiwa inaunguruma. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, na mtu anaweza kupoteza mkono. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama haiumi.

Sasa tuseme kipimo kimethibitisha. Nunua kwa namba, usinunue kwa jina la gari. "Injekta za Vigo" hazitoshi kama maelezo, kwa kuwa Vigo, toleo mojawapo la Hilux, zimekuja na injini za aina kadhaa, na hata 1KD za miaka tofauti hazitumii injekta moja. Namba imechongwa kwenye mwili wa injekta. Ipige picha, nenda nayo sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, au mtumie muuzaji aliyeko Dar, na ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. Injekta nyingi za 1KD na 2KD pia zina msimbo mrefu wa herufi na tarakimu juu ya kichwa, ambao unatakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari kwa kila silinda. Fundi asiye na mashine ya kuingiza msimbo huo atakufungia, gari itawaka, halafu itatetemeka na kugonga, nawe utadhani umeuziwa feki.

Mpya halisi ni ghali, na kwa mwenye gari ya kazi ya kila siku ndiyo ninayoshauri. Ya pili ni iliyofanyiwa ukarabati na yenye karatasi ya vipimo vya benchi, siyo maneno ya mdomo. Injekta ya mtumba kutoka Japani naikubali ikiwa tu muuzaji ataniruhusu kuipima kabla ya kulipa. Ile mpya yenye bei ya kushangaza kwa uchache, boksi linang'aa na namba imechongwa hafifu, iache dukani. Ncha yake ikipasuka, mkondo wa dizeli unatoboa pistoni.

Kwenye 1KD kuna jambo ambalo limeua injini nyingi nzima, na ningependa kila mwenye gari hiyo alijue. Chini ya kila injekta kuna washa ndogo, yaani pete ya kuziba. Ikichoka, gesi ya mwako inapita pembeni na kuingiza masizi kwenye oili. Masizi yanaganda, yanaziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), presha ya oili inashuka, kisha turbo na beringi zinakufa. Dalili ni sauti ya kupumua "chu-chu" asubuhi injini ikiwa baridi, na ugando mweusi chini ya kifuniko cha oili. Kwa hiyo injekta ikitoka, hata kwa kukaguliwa tu, washa mpya lazima, kiti chake kisafishwe, na uhakikishe washa ya zamani haijabaki imenasa tunduni. Toyota pia inataka bomba za presha zibadilishwe injekta zikibadilishwa. Nikikuta dalili za masizi, nashusha sampu bila kujadiliana.

Kinachoua injekta huku kwetu ni maji na uchafu kuliko umri. Dizeli ya kwenye kidumu kijijini, au ya pipa lililokaa nje shambani Matamba, ina maji chini. Usivute mpaka mwisho wa pipa, na jaza tanki jioni usiku wa baridi ili unyevu wa hewa usigeuke maji ndani ya tanki tupu. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, simama ufungue koki ya filta uyamwage. Filta yenyewe mimi naibadilisha kila kilomita 10,000, na naijaza kwa pampu ya mkono, simimini dizeli ya kopo.

Uchakachuaji kwa mafuta ya taa umepungua tangu vinasaba (alama za siri zinazowekwa kwenye mafuta ili kugundua yaliyochanganywa) vilipoanza mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka 2011, lakini wapo wanaochanganya wenyewe wakitafuta nafuu. Mafuta ya taa hayalainishi, na pampu na injekta za dizeli zinalainishwa na dizeli yenyewe. Dawa za kusafishia za chupa zinaweza kuondoa utando laini, ila sindano iliyochubuka haziirudishi.

Ukishafungiwa, rudi kwa fundi baada ya wiki moja au mbili akague uvujaji kwenye bomba, asikilize ile "chu-chu" injini ikiwa baridi, na asome tena zile namba za silinda. Injekta zako za zamani zidai, ziende nyumbani na wewe. Huenda moja au mbili bado ni nzima.