Sosi ya stroberi si jamu

Wanaoongoza kwa kuharibu sosi ya stroberi ni wale wanaojua kupika jamu. Simtanii mtu. Shangazi yangu, ambaye jamu yake ya mapera huliwa mpaka chupa ikakombwa kwa kidole, aliletewa nusu kilo ya stroberi kutoka Lushoto akaichemsha dakika 45. Kila akikoroga anasema, "Bado nyepesi." Asubuhi tulikuta peremende ya kahawia chini ya sufuria, na mwiko umesimama katikati yake kama mlingoti.

Jamu na sosi hutoka kwenye tunda moja lakini kazi zake ni mbili. Jamu imepikwa ili ikae: sukari ndani yake hufika asilimia 60 ya uzito wote au zaidi, na sharti igande. Sosi ni ya kumwagia juu ya mtindi, chapati za maji, keki au uji, na umri wake ni mfupi. Sehemu kubwa ya makosa nitakayoyataja ni sheria za jamu zilizohamia kwenye sufuria isiyo yake.

Kipimo changu ni hiki: nusu kilo ya stroberi, gramu 100 za sukari (kama nusu kikombe), kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau na chembe ya chumvi. Dakika 10 hadi 12 juu ya moto wa wastani, basi. Ukiwa na forosadi badala ya stroberi, tumia kipimo hichohicho ila ongeza limau, kwa sababu forosadi iliyoiva ni tamu bila uchachu wa maana.

Dhana: Usipoweka maji, itaungua

Stroberi ni maji kwa takriban asilimia 91. Kikombe cha maji unachomimina kwa hofu ndicho kitakachokulazimu usimame jikoni nusu saa nyingine ukikikausha, na muda wote huo harufu ya tunda inapaa na mvuke. Kata matunda, nyunyizia sukari, acha nusu saa. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda, na utakapowasha jiko utakuta dimbwi jekundu linakusubiri. Mwenye haraka aweke vijiko viwili vya maji, si zaidi.

Hapo ndipo stroberi za friza zinapowapiku wengine. Watu huziona kama matunda ya daraja la pili, kumbe kwa kazi hii barafu imekwisha kukusaidia: maji yalipoganda yalipasua kuta za chembechembe za tunda, na zikiyeyuka zinaachia juisi yote. Kwa kula mkononi, ndiyo, zinalegea na hazipendezi. Kwa sosi sina ugomvi nazo.

Dhana: Ikiwa nyepesi jikoni, haijaiva

Hii ndiyo iliyomponza shangazi. Sosi ya moto huwa nyepesi daima. Sukari iliyoyeyuka hutiririka kirahisi ikiwa na joto na huwa nzito ikipoa, na ile pektini, gundi ya asili iliyomo kwenye matunda, hushikana joto likishuka. Kwa hiyo ukisubiri rojo unayoitaka mezani ionekane ndani ya sufuria inayochemka, umekwisha kuchelewa.

Weka sahani ndogo kwenye friza kabla hujaanza. Baada ya dakika 10 za kupika, dondosha kijiko kimoja cha sosi juu ya sahani hiyo, hesabu hadi thelathini, kisha pitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi kwa muda kabla ya kingo kurudiana, zima jiko. Kingo zikikimbiliana mara moja, ongeza dakika mbili. Ikibaki mfereji kabisa umeanza kupika jamu. Tia vijiko viwili vya maji ya moto ukoroge. Sosi nzito inarekebishika, iliyoungua hairekebishiki.

Stroberi na forosadi zina pektini kidogo ukilinganisha na ndimu, tufaha au mapera. Kwa mpika jamu hilo ni tatizo. Kwa mpika sosi ni neema, maana hutaki igande.

Wapo pia wanaofuata maelekezo ya vitabu vya Ulaya: kipimajoto kisome nyuzijoto 105. Nambari hiyo ni ya jamu, tena ya mtu aliye usawa wa bahari. Kwa Dar es Salaam au Mombasa itakubali. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Limuru, ambako stroberi hulimwa, huchemka kwenye 92 au 93. Kanuni ya wapishi ni kupunguza nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo jamu ya Nairobi imekamilika kwenye 98 au 99. Anayeng'ang'ania 105 huko juu atapata kile kilichompata shangazi. Na kwa sosi, kipimajoto kiweke kabatini. Sahani ya baridi haijali mwinuko.

Dhana: Bila kornflawa si sosi

Kornflawa si dhambi. Ukitaka sosi inayong'aa ya kufunika keki, kijiko kidogo kimoja kwa nusu kilo ya matunda kinatosha, kikorogewe kwanza kwenye maji ya baridi na kitiwe mwishoni. Ukiinyunyiza kikavu ndani ya sosi ya moto utapata vidonge vyeupe ambavyo hakuna mwiko utakaovimaliza. Lazima sosi ichemke dakika moja hivi baada ya kuitia, la sivyo utabaki na ladha ya unga mbichi. Ukiendelea kuchemsha sana, asidi ya tunda huuvunja wanga na sosi inarudi kuwa nyepesi, kisha watu wanalaumu kornflawa yenyewe. Pia sosi yenye kornflawa ikigandishwa kwenye friza hutengana na kutoa maji ikiyeyuka. Mimi siiweki. Natenga theluthi moja ya matunda, naitia dakika tatu za mwisho, na vipande hivyo vinatosha kuipa sosi mwili.

Dhana: Rangi ikififia, ongeza rangi ya duka

Wekundu wa stroberi na zambarau ya forosadi hutokana na kundi la rangi za asili liitwalo anthosianini, na rangi hizi zina tabia ya kinyonga: kwenye asidi huwa nyekundu, kwenye magadi au soda ya kuokea hugeuka zambarau na hata bluu. Nimewaona watu wakitia ncha ya kijiko ya soda "ili kuua uchachu". Uchachu unakufa kweli, na rangi inakufa nao. Unabaki na kitu cha rangi ya jeraha la siku tatu. Uchachu utulize kwa sukari au chumvi kidogo. Limau ndilo linalorudisha wekundu, na utauona ukirudi mbele ya macho yako. Adui mwingine wa rangi ni moto wa muda mrefu, ambao huivuta kuelekea kahawia.

Sufuria nayo ina neno lake. Nyingi za nyumbani kwetu ni za aluminiamu, na asidi ya matunda huila aluminiamu kidogo kidogo. Dakika 12 si jambo la kukosesha mtu usingizi, ila usiilaze sosi humo hadi kesho, itapata ladha ya chuma. Karai la chuma tupu ni baya zaidi kwa sababu huifanya sosi kuwa nyeusi. Sufuria ya stenlesi au ya enameli ndiyo yenyewe.

Dhana: Zilizoanza kuoza ndizo za sosi

Zilizobonyea, sawa. Zilizoiva kupita kiasi, sawa, ukichanganya na chache zenye weupe shingoni ambazo zina pektini na uchachu zaidi. Zenye manyoya ya ukungu, hapana, hata ukikata sehemu iliyoharibika, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya tunda laini kuliko jicho linavyoona. Hali kadhalika sosi iliyoota ukungu juu: ule mtindo wa kukwangua tabaka la juu na kuendelea kula tuuache.

Dhana: Asali ikichemshwa ni salama kwa mtoto mchanga

Hapa sitanii hata kidogo. Kubadilisha sukari kwa asali ni hiari yako na ladha yake ni nzuri, lakini mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe. Asali inaweza kubeba spora (mbegu sugu) za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, na spora hizo hazifi kwenye maji yanayochemka; huhitaji nyuzi 121 au hivi, joto la sufuria ya presha. Ndani ya chupa, asidi ya stroberi huzizuia zisichipue. Tumbo la mtoto mchanga halina kizuizi hicho bado.

Dhana: Geuza chupa kichwa chini, itakaa mwaka

Kifuniko kitabonyea, ni kweli, na watu wakisikia "tiki" wanapumua. Mbonyeo huo unaonyesha tu kwamba hewa imepungua ndani. Hauui chachu wala ukungu uliokwisha kuingia, na sosi yetu haina sukari ya kutosha kuwazuia. Wanaohifadhi kabatini huzamisha chupa zilizofungwa ndani ya maji yanayochemka kwa muda uliopimwa, na wakazi wa milimani huongeza dakika kwa sababu maji yao yana joto pungufu.

Kwa sosi ya dakika 12, chupa safi ya kioo ndani ya friji inatosha wiki moja, ukichota kwa kijiko kikavu kisicholambwa. Iliyobaki iende friza kwenye makopo madogo. Acha sentimita mbili tupu juu ya kila kopo, maana sosi hutanuka ikiganda na kifuniko hakitavumilia.