Uvimbe shingoni, ni goita tu au kansa? Maswali mnayoniuliza sana hapa Kigoma

Mimi ni nesi, nipo Kigoma mjini, na kila nikikaa na watu kuanzia Ujiji mpaka Mwanga lazima atokee mtu afungue mtandio anionyeshe shingo. Kwahiyo leo nayajibu maswali yenu kwa pamoja.

Nina kinundu shingoni, ndo kansa hiyo?

Uwezekano mkubwa sio. Ukichukua vinundu 100 vya tezi ya thairoidi (hiyo tezi ya umbo la kipepeo iliyopo chini kidogo ya koromeo), vyenye kansa ni kama 5 mpaka 15 hivi, vingine vyote ni vya kawaida. Sasa kazi ni kuvijua hivyo vichache mapema, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea maana wanapima kwa macho tu au kwa maumivu.

Si kikubwa ndo kibaya zaidi?

Hapana jamani, hili naomba mnisikilize vizuri. Kuna mama mmoja anauza migebuka Kibirizi, alikuwa na uvimbe mkubwa kama limao katikati ya shingo, ameishi nao tangu hajamzaa kitinda mimba wake, akinywa maji unauona unapanda na kushuka. Huo ndo ulikuwa unamnyima usingizi. Kufanyiwa ultrasaundi ikaonekana limao lote lile ni maji matupu ndani, ila pembeni kushoto kulikuwa na kingine cha sentimita 1 na nukta 2 tu, kama punje ya haragwe, mwenyewe hata hakijui, na hicho ndicho kilichomfanya dokta aache kuongea akaanza kupima upya taratibu. Ukubwa peke yake haukuambii kitu, tunaangalia sura yake.

Sura kivipi?

Anayesoma ultrasaundi anahesabu pointi, huo mfumo unaitwa TI-RADS. Anaangalia je ndani ni maji au nyama tupu, je ni cheusi sana kuliko tezi yenyewe, je kimesimama yani urefu wa kwenda ndani umezidi upana, je kingo zake zimechongoka au zimetoka nje ya tezi, na je kuna vidoti vidogo vyeupe kama chembe za chumvi. Hivyo vidoti, weusi uliozidi na kusimama kila kimoja kina pointi 3. Kikifika pointi 7 kwenda juu kinatiliwa shaka kubwa na kinachomwa sindano ya kutoa seli za kupima hata kikiwa sentimita 1 tu, cha pointi 4 mpaka 6 kinasubiri kifike sentimita 1 na nusu, na cha pointi 3 kinasubiri kifike sentimita 2 na nusu. Cha maji matupu hakina pointi hata moja. Ndo maana mwenye limao anaweza kuachwa na mwenye haragwe akachomwa, sio upendeleo.

Mimi goita yangu ina vinundu vingi, si ndo salama?

Watu wanasema hivyo lakini sio kweli, kila kinundu kinaangaliwa kivyake. Kweli goita nyingi za huku kwetu zinatokana na upungufu wa madini joto, na chumvi iwe ya Uvinza au ya pwani haina ya kutosha mpaka yaongezwe, halafu samaki wa ziwani hawana madini joto kama wa baharini, na muhogo usiolowekwa vizuri ukiliwa kila siku unazidisha tatizo. Ila kuwa na goita hakukukingi na kansa.

Nani awe makini zaidi?

Aliyewahi kupigwa mionzi ya matibabu kichwani au shingoni akiwa mtoto, na mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata kansa ya tezi hii, hao waseme mapema kabla hata hawajaulizwa. Mtoto na kijana chini ya miaka 20 pia, na mzee. Wanawake wanapata vinundu zaidi ila kinundu cha mwanaume kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kansa, kwahiyo baba usikae nacho ukasema haya ni magonjwa ya kina mama. Na usisubiri kabisa kama kinakua haraka, ni kigumu na hakisogei, sauti imekauka haitaki kurudi, kumeza kunakuwa shida, au kuna mitoki pembeni ya shingo isiyoisha.

Hakiumi, na damu walipima wakasema iko sawa.

Kansa ya hapa mara nyingi haiumi. Kipimo cha damu cha TSH ni muhimu na ndo kinaanza, kinaonyesha tezi inafanya kazi vipi, lakini TSH nzuri haiondoi kansa. Uliza ultrasaundi.

Sindano si ndo inasambaza ugonjwa?

Hofu hii inawafanya wengi wakimbilie kuchanjwa chale, wanarudi na vidonda juu ya uvimbe uleule. Sindano yenyewe ni nyembamba kuliko ya kutolea damu, unalala mto chini ya mabega, dakika chache umemaliza, na kusambaza kansa kwa sindano hii ni nadra mno. Seli zinasomwa na kupewa kundi 1 mpaka 6. Kundi 1 seli hazikutosha, unarudia. Kundi 2 sio kansa, hatari ni asilimia chache tu. Kundi 6 ni kansa karibu kwa hakika. La 3 mpaka la 5 ni la mashaka, hapo wanarudia au wanaongelea upasuaji, na huenda ukapewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.

Wamesema tufuatilie tu, wamenitupa?

Hapana mama, kufuatilia ni matibabu. Utarudi baada ya mwaka au walivyokuandikia, wapime kama kimeongezeka, na ili wajue wanahitaji vipimo vya mwanzo. Yule mama wa Kibirizi seli zake zilisoma kundi 2, na ripoti yake ameitia kwenye mfuko wa nailoni, ameifunga kwenye pindo la kanga, kila akija anaitoa kabla hata hajakaa.